Vidole Vitatu vya Karani wa Dawa

Nikimkumbuka, hutangulia mkono wake wa kulia. Uso huja baadaye, na mara nyengine hauji kabisa. Mkono wenyewe ulikuwa mnene na mkavu, kucha zimekatwa fupi, na pembeni ya kidole cha kati palikuwa na sugu ya kalamu. Akiunyoosha mbele ya mtoto, anakunja kidole gumba na kile kidogo cha mwisho, anabakisha vitatu, kisha anavipenyeza baina ya magoti. Vikiingia, mtoto anapata dawa. Visipoingia, anarudi nyumbani.

Sote tuliokuwa chini ya Mfuko tukimwita Karani wa Dawa. Jina lake lilibandikwa mlangoni, lakini sitoliandika. Kila nilipoliandika nilijiona kama mtu aliyekwenda kituoni kushitaki, nikauchana ukurasa nikaanza upya. Nimeshachana kurasa nyingi. Nataka nimweleze kama alivyokuwa, nisimzidishie wala nisimpunguzie, na hamu hiyo inaninyima raha. Skuli niliiacha mapema. Kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa magazeti yaliyofungiwa karanga. Aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia "basi, imetosha", kwa hivyo narudia, nakata, narudia tena, na usoni kwa watu najifanya sina jambo.

Mfuko ulikuwa hivi. Baba alikuwa mpagazi katika ghala la karafuu pale Malindi ya hapa Mjini. Wafanyakazi wa ghala walikuwa na Mfuko wa Matibabu: kila mwezi wanakatwa kidogo katika mshahara, na akiumwa mmoja wao, au mkewe, au mtoto wake, Mfuko unamgharimia dawa ambazo hospitali imeishiwa. Kutibiwa hospitali kulikuwa bure, tena kwa hilo watu walishukuru. Lakini dawa zilizotoka nje zilikuwa adimu miaka ile, kama vitu vyote vilivyotoka nje, na baadhi yake zilikuwa katika duka moja tu la dawa, na mwenye duka hakuruhusiwa kuzitoa ila kwa cheti cha Mfuko. Uwe na fedha, usiwe nazo, bila ya cheti alikuwa akikuonesha chupa iliyo nyuma ya kioo na kukutikisia kichwa. Cheti kilitoka kwa Karani wa Dawa.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala. Kila kitu humo kilinuka karafuu, hata karatasi. Ukutani zilining'inia kanuni za Mfuko katika fremu ya kioo, na yeye akizisoma kwa sauti kwa kila aliyeingia, hata kwa yule aliyezisikia jana yake. Hakuwa akisoma kwa ukali. Akisoma kwa utulivu, mtu akadhani huko mwisho pana habari njema.

Kwa dawa nyingi hapakuwa na mashaka: daktari ameandika, karani anagonga muhuri. Dawa ya mifupa ndiyo iliyokuwa na masharti yake peke yake. Nayo ilikuwa matone ya vitamini D, katika kichupa kidogo cha rangi ya hudhurungi, wanayopewa watoto ambao mifupa yao ni laini na miguu inaanza kupinda. Mfuko ukiyatoa kwa barua ya daktari, kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano, na kwa sharti miguu iwe imeshapinda kiasi cha kuingia vidole vitatu vya mtu mzima baina ya magoti, mtoto amesimama, vifundo vya miguu vimegusana. Mtoto anayekaribia kupinda hakuwamo. Mafuta ya ini la samaki, ambayo wazee wetu wakinyweshwa kwa kijiko, nayo hayakuwamo. Hayo kanuni iliyaita chakula.

Juu ya mafuta hayo palikuwa na mpagazi mmoja wa Kitumbatu, mtu wa maskhara, aliyemsimamisha Karani siku moja mbele ya foleni nzima.

"Bwana Karani, samaki chakula, hilo nakubali. Na ini lake?"

"Chakula."

"Na mafuta ya hilo ini?"

"Chakula."

"Mbona yananuka kama dawa?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akangoja kiishe, akavua miwani, akaifuta.

"Yakhe, mkeo siku akikupikia mchuzi ukanuka kama dawa, utaniletea sufuria nikuandikie cheti?"

Kicheko kikahamia kwa Mtumbatu. Naliandika hili kwa sababu mtu anayenisikiliza nikimzungumza Karani hudhani alikuwa na roho ya jiwe. Alikuwa mcheshi. Watoto akiwaita "bwana mkubwa" na "bibi mkubwa", na wao wakimpenda, hata wale aliowanyima.

Neno lake lilikuwa moja, akilirudia mpaka likawa kama sehemu ya salamu zake: "Mie sikuziandika, mie nazisoma." Akiulizwa kwa nini mtoto angojwe mpaka apinde ndipo atibiwe, akijibu hilo. Akiulizwa kwa nini miaka mitano, hilo. Mara moja tu nilimsikia akiongeza kitu. Mzee mmoja alimwambia, "Basi aliyeziandika yuko wapi tumfuate?" Karani akaangalia dirishani, akasema, "Hata mie ningependa kumjua." Kisha akaita wa pili.

Hakunywa kahawa ya mtu. Muuza kahawa akipita na birika na vikombe vyake, makarani wengine wakinyweshwa na wenye shida zao, lakini yeye akilipa mwenyewe, tena kabla ya kikombe kujazwa. Samaki akiletewa akimrudisha na aliyemleta. Akiliogopa jua kama anayedaiwa nalo. Asubuhi ya mapema akipita Darajani na mwavuli umefunguliwa, hata siku ya mawingu. Mtu aliyegawa dawa ya kukosa jua, mwenyewe akilikimbia. Jambo hilo lilinichekesha zamani.

Na alikuwa na jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, maana mara nyingi nilikwenda ghalani kumpelekea baba chakula, na benchi la foleni lilikuwa karibu na mlango wa karani. Aliingia mjane wa mpagazi aliyefariki kwa kuangukiwa na magunia. Mfuko uliendelea kumhudumia yeye na mtoto wake wa kike. Mtoto alikuwa mnyonge, kifua kimetokeza, jasho limemjaa kichwani. Karani akakunja vidole vyake, akaviingiza. Havikuingia. Magoti yalikuwa karibu mno. Akamtazama mtoto usoni. Kisha akaugeuza mkono, kiganja kikaelekea ukutani, vidole vikapita kwa ubavu wake mwembamba.

"Vimeingia," alisema, akagonga muhuri.

Mjane hakujua hata kwamba pamefanyika kitu. Nilijua mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa na siri hiyo kama mtu aliyepewa ufunguo.

Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu, Mbaraka.

Sisi asili yetu ni watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mjini. Kabla ya Mapinduzi tulikaa nyumba ya udongo na makuti, yenye uwanja, na sote tulikulia uwanjani, uchi, juani, miguu imenyooka. Baada ya hapo tukapewa chumba Mjini, katika nyumba ya mawe kule Kajificheni. Kilikuwa chumba cha chini, zamani stoo ya mwenye nyumba. Mama alifurahi. Alipapasa ukuta, mnene kama ngome, akasema, "Mie leo mtu wa Mjini." Chumba kilikuwa baridi hata mwezi wa joto kali. Jua liliingia kwa dirisha la nondo lililokuwa juu, likachora mstari ukutani, likapanda, likatoka. Halikushuka sakafuni hata siku moja. Mbaraka alizaliwa humo, akatambaa humo. Uchochoro wa nje ulikuwa wa baiskeli na maji machafu, na pia haukuwa na jua. Alichelewa kutembea, na alipotembea, miguu ikaanza kuachana magotini. Hapo mama akazidi kumweka ndani, kwa sababu ya macho ya watu.

Baba alipompeleka hospitali, daktari wa Kichina alimbonyeza mbavu na vifundo vya mikono, akasema maneno marefu. Mkalimani akayafanya mafupi: "Mifupa laini. Jua na matone. Jua peke yake limechelewa. Akikua hivi hivi, mifupa itakauka na huo mpindo wake, na hapo tena basi."

Barua ya daktari tuliipata. Umri, ilikuwa bado miezi michache atimize mitano. Vilibaki vidole.

Nilimpima mwenyewe. Kila jioni nilimsimamisha ukutani nikaingiza vidole vyangu vitatu, navyo viliingia vikabaki na nafasi. Nilijua vyangu ni vyembamba. Nikavifunga kwa kitambaa kuvinenepesha, nikapima tena, vikaingia. Sikutosheka. Nikamwomba baba, naye vidole vyake vya kubebea magunia vikaingia kwa shida, lakini viliingia. Hata hivyo sikulala. Ghalani walikuwa wakisema vidole vya karani vimeanza kuvimba kwa maradhi ya viungo, na yule Mtumbatu alikuwa na neno lake: "Kila akinenepa vidole, watoto wetu wanapona." Watu wakicheka. Mimi nikirudi kupima tena. Nikajiliwaza na ule mkono uliogeuzwa. Nilisema: visipoingia, ataugeuza.

Sasa nifike kwenye vitambaa. Mama, kama alivyofundishwa na bibi, kila baada ya kumkogesha Mbaraka alimchua kwa mafuta ya nazi, kisha akamfunga miguu pamoja kwa vipande vya kanga kuukuu, kutoka mapajani mpaka kwenye vifundo, ili miguu ikamatane. Ndivyo wanavyofanya wanawake wote ninaowajua. Na siku ya kupelekwa kwa karani ilipokaribia, mama akamfunga zaidi, usiku na mchana, akamkaza mpaka mtoto akalia. Mwanamke gani anampeleka mwanawe mbele ya wanaume bila ya kumtengeneza? Alimpigia pasi suruali fupi nyeupe. Alimtia wanja. Alimpaka mafuta usoni akang'ara. Alifungua vile vitambaa mlangoni kwa karani, akavikunja akavitia kwapani. Hakuna kati yetu aliyeona kosa. Tulimwona amependeza.

"Hodi."

"Karibuni, karibuni."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Bwana mkubwa ndiye huyu? Mashaallah."

Akasoma kanuni zote, na sisi tukazisikiliza. Kisha akainama. "Simama, bwana mkubwa. Vifundo pamoja. Hivyo hivyo."

Mbaraka alisimama kama askari. Miguu ilikuwa bado ina ganzi ya vitambaa, imeshikamana, na magoti yalikaribiana kuliko nilivyowahi kuyaona. Karani akakunja vidole vyake vilivyovimba. Viwili vikaingia. Cha tatu kikagonga goti. Akajaribu tena kwa upole, kikagonga. Nikaukazia macho ule mkono, ugeuke. Haukugeuka. Karani akanyanyuka, na usoni kwake palikuwa na furaha ya kweli.

"Hongera, Bi. Mwanao mzima."

"Alhamdulillahi," mama alisema. Alilisema kwa mazoea ya ulimi, kabla hajafahamu alichoambiwa. Kisha nikaona uso wake ukishuka.

"La, bwana. Nlimfunga. Tangu juzi nlikuwa nshamfunga vitambaa, ndiyo maana. Hivi hapa." Akavitoa kwapani, akavitandaza juu ya meza yake, juu ya karatasi zake.

"Basi vitambaa vyako ndio dawa, Bi. Endelea navyo."

"Mwache siku mbili bila ya kitu, utaona mwenyewe."

Karani akaelekeza kidole kwenye kioo. Aliyepimwa hapimwi tena mpaka ipite miezi sita.

"Miezi sita atakuwa ameshatimiza mitano!"

"Mie sikuziandika, Bi. Mie nazisoma."

Mama akaanza kukusanya vitambaa vyake. Mimi nikasogea mezani. Mimi ambaye siwezi kuomba hata chumvi kwa jirani bila ya kujizoeza maneno njiani, nilisema, kwa sauti ndogo ili foleni isisikie, "Geuza mkono, bwana. Kama ulivyomgeuzia mtoto wa yule mjane."

Aliniangalia. Hakukasirika. Akainama, akanijibu kwa sauti ndogo kama yangu, kama watu wawili wanaozungumza msibani.

"Yule nlimwona anaumwa, mwanangu. Huyu namwona anang'ara."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimelipindua jibu hilo kila upande kwa miaka, nitafute uongo ndani yake, sikuuona.

Vitambaa vilipokaa siku chache bila ya kufungwa, miguu ikarudi ilikokuwa. Baba akamchukua Mbaraka mgongoni mpaka ghalani, akamsimamisha mlangoni kwa karani. Karani hakuiangalia miguu. Aliangalia kioo cha kanuni, akaendelea kukiangalia mpaka baba akamnyanyua mtoto akaondoka. Tukampeleka Mbaraka kwa shangazi, Kiembe Samaki, ambako kuna uwanja, akaota jua kila siku. Kifua kilirudi, jasho la kichwa likaacha, nguvu akapata. Miguu haikurudi. Daktari alikuwa ameshasema.

Nilimchukia Karani kwa bidii, kama ninavyofanya kila kitu, na kila nilipokuwa karibu kufaulu akanivuruga. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye kizingiti cha msikiti mmoja wa Malindi, ndani wanamsomea khitma mpagazi aliyefariki. Alikuwa na mwavuli wake, na machozi yanamtoka wazi wazi, hayafuti. Siku nyengine nilimwona kamshika mkono kipofu, akimvusha njia ya Darajani, mwavuli wote kauelekeza kwa kipofu, mwenyewe yuko juani. Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira. Angekuwa mtu mbaya ningepata pa kuuweka uchungu wangu. Sikupata, na mpaka leo uko mikononi mwangu.

Mfuko ukaja ukafungwa. Ghala likapata utaratibu mwengine, karani akapumzishwa, na kile kichupa cha hudhurungi sikukiona tena dukani. Mbaraka akaanza skuli. Watoto wenzake wakipitisha mpira wa matambara baina ya miguu yake, wakipiga kelele "Goli!", na yeye akicheka kuliko wote. Amejifunza kucheka kwanza. Nikimwona anacheka vile, naingia ndani.

Mara ya mwisho kuonana na Karani wa Dawa ilikuwa Michenzani, mwaka huu huu ninaoandika. Nilikuwa nimetoka na Mbaraka kumnunulia viatu, kazi ngumu, maana viatu vyake huisha upande mmoja. Tulipita chini ya yale majumba marefu mapya. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango wa ngazi, juani kabisa, bila ya mwavuli. Mikono ameiweka magotini, viganja juu, kama anayeomba dua. Vidole vilikuwa vimepinda na vifundo vyake vimekuwa kama tangawizi. Nisingemjua kama si mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nnaota jua," alisema, kama nimemuuliza. "Daktari kanambia niviweke vidole juani. Sasa hata kalamu havishiki. Huyu wa nani?"

"Wa mpagazi wa ghala, Malindi. Uliwahi kumpima."

"Nliwapima wengi."

Hakumkumbuka. Hakunikumbuka mimi wala vitambaa wala wanja. Alikuwa ameshaiona miguu, na macho yake hayakutoka hapo. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini.

"Njoo, bwana mkubwa. Simama. Vifundo pamoja."

Mbaraka akaniangalia, kisha akaenda, maana ni mtoto mwenye adabu. Akasimama mbele ya mzee, vifundo pamoja. Mkono ukanyanyuka taratibu. Kidole gumba na cha mwisho havikukunjika tena, akavikunja kwa mkono wa kushoto. Akaviingiza vile vitatu. Vikaingia. Akaingiza cha nne. Akakunja ngumi kwa tabu, nayo ngumi ikaingia, ikazunguka humo bila ya kugusa goti.

"Vimeingia," alisema, akanitazama kwa furaha ileile. "Vimeingia, mwanangu!"

Nami, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa kwenye chumba kile kinachonuka karafuu, na mama hajavitoa vitambaa kwapani, na mzee anautafuta muhuri. Alikuwa akiutafuta kweli. Mkono wa kushoto ulipapasa upande wa kiti, ambako hapakuwa na meza.

"Barua ya daktari mnayo?"

Nikamshika Mbaraka bega.

"Umri wake?"

"Minane," Mbaraka alijibu mwenyewe, kwa majivuno, kama wanavyojibu watoto. "Nnakwenda wa tisa!"

Mzee akabaki ameinama. Kisha akautoa mkono wake baina ya magoti ya mdogo wangu, akaurudisha kwenye goti lake mwenyewe, akaufungua kwa tabu, kidole baada ya kidole, kiganja juu.

"Umri umempita," alisema, akafumba macho kwa ajili ya jua.